Taa ya dagaa inapofifia kabla ya alfajiri: kutafuta ubovu wa betri ya lithiamu kwa kufuata ioni zake

Karabai za mafuta ya taa zimeziachia nafasi taa za LED kwenye uvuvi wa dagaa na migebuka hapa Kigoma, na betri nyingi zinazowasha taa hizo sasa ni za lithiamu. Mbalamwezi inapoingia na wavuvi wa Kibirizi, Katonga na Ujiji wanapumzisha nyavu, ndipo meza za mafundi zinapojaa masanduku ya betri. Malalamiko ni yale yale: inafifia, haikai na chaji, imevimba, imekufa. Na jibu linalotolewa haraka ni kwamba betri ni feki, nunua nyingine.

Huenda ni feki kweli. Lakini kabla ya kumtoa mtu fedha za siku kadhaa za uvuvi, muulize swali moja: ukiipumzisha, je, inarudi? Betri inayorudi baada ya kupumzika haijapoteza kitu kikubwa. Ioni zake, yaani chembe za lithiamu zenye chaji ya umeme, zimechelewa tu njiani. Isiyorudi imepoteza kitu ambacho hakirudi. Fundi anayezitofautisha hizo mbili ataokoa betri nyingi, na zile za hatari atazitambua mapema.

Kinachotembea humo ndani

Ndani ya kila seli, yaani betri moja ndogo kati ya zile zinazounda sanduku, kuna pande mbili. Upande hasi umepakwa grafiti, aina ya kaboni, juu ya karatasi nyembamba ya shaba; upande chanya umepakwa madini yenye lithiamu juu ya karatasi ya alumini. Katikati kuna kitenganishi cha plastiki yenye vitundu, unene wake maikromita 20 hivi, yaani sehemu ya hamsini ya milimita. Vyote vimeloweshwa kwa kimiminika kiitwacho elektroliti. Seli inapotoa umeme, elektroni hupita kwenye waya hadi kwenye taa, na ioni za lithiamu hutoka kwenye grafiti, huvuka kimiminika na kuingia upande chanya. Ukichaji, safari inageuka.

Kimiminika hicho si maji. Ni mchanganyiko wa viyeyushi vya jamii ya kaboneti, na ndani yake imeyeyushwa chumvi ya lithiamu. Chumvi iliyozoeleka ni heksaflorofosfeti ya lithiamu, kiasi cha mole moja kwa lita, ambayo ni gramu 150 na kidogo. Kiyeyushi kikuu ni ethileni kaboneti. Kikiwa peke yake huganda chini ya nyuzi 36 za Selsiasi, maana yake hapa Kigoma kingekuwa kigumu karibu mwaka mzima. Kinachanganywa na kaboneti nyepesi kama dimethili kaboneti, zenye mnato mdogo, ili kipatikane kimiminika kinachoiyeyusha chumvi vizuri na bado kinatiririka. Kila kimoja kinafidia upungufu wa mwenzake.

Humo ndani ioni ya lithiamu haitembei peke yake. Ni ndogo mno na chaji yake imebanana, hivyo inavuta molekuli za kiyeyushi, nne hivi kwa kawaida, zikaizunguka. Ni bibi harusi na wapambe wake: popote aendapo nao wapo, na mlangoni pa grafiti lazima waachane naye, aingie peke yake. Kuwabeba kunampunguzia kasi njiani, na kuachana nao mlangoni kunachukua nguvu. Ioni hasi ya chumvi, kwa upande wake, ni kubwa lakini haina wapambe wengi, ndiyo maana inakimbia zaidi. Katika elektroliti za kawaida, lithiamu hubeba sehemu ndogo tu ya mkondo, kati ya asilimia 20 na 40 hivi. Nyingine hubebwa na ioni hasi zinazoelekea upande wa pili.

Shika hilo, kwa sababu maradhi mengi yanaanzia hapo. Ioni hasi hazina mahali pa kuingia. Zinafika upande mmoja, zinarundikana, na chumvi inakuwa nyingi upande huo huku upande wa pili ikipungua. Jinsi unavyovuta umeme kwa nguvu, ndivyo tofauti hiyo inavyokua. Ukiacha kuvuta, chumvi inatawanyika taratibu mpaka inalingana tena. Huko ndiko "kurudi" kwa betri.

Dalili: taa zote zikiwaka zinafifia, ukizima kidogo zinarudi

Hii ndiyo dalili inayosingiziwa mengi kuliko zote, na inastahili kupimwa kwa utulivu.

Anza na vitu visivyo na ioni. Washa taa zote, kisha weka ncha moja ya mita kwenye ncha ya betri na nyingine mwisho wa waya ule ule, upande wa taa. Mita ikionyesha nusu volti, hiyo nusu volti inapotea kwenye waya, kwenye swichi au kwenye kiungo kilicholehemewa vibaya. Unyevunyevu wa ziwani hula viungo. Safisha, lehemu upya, na usiiguse betri mpaka hapo pamekuwa sawa.

Kama nyaya ni nzima, pima seli yenyewe. Iache ipumzike saa nzima, soma volti. Ipe mzigo unaoujua, soma mara moja, soma tena baada ya dakika tano, kisha toa mzigo na uendelee kusoma. Chukua mfano wa seli ya duara ya 18650 (kipenyo milimita 18, urefu 65) yenye mzigo wa ampia 2. Ikiwa imepumzika inasoma volti 3.90. Ukiweka mzigo inadondoka papo hapo hadi 3.70. Baada ya dakika tano imefika 3.55. Ukitoa mzigo inaruka mara moja hadi 3.75, halafu inapanda polepole, na nusu saa baadaye iko 3.84.

Mdondoko wa papo hapo na mteremko wa polepole ni maradhi mawili tofauti. Volti 0.20 zilizodondoka mara moja, ukizigawa kwa ampia 2, zinakupa ukinzani wa omu 0.1. Humo mna ukinzani wa metali, wa kimiminika na wa milango ya kuingilia. Seli mpya ya aina hiyo huwa na karibu nusu ya hapo, kwa hiyo hii imeshachoka. Mteremko wa dakika tano una sehemu ndogo ya umeme uliotumika kweli, na sehemu kubwa ya msongamano: chumvi imerundikana upande wa grafiti na imepungua upande chanya, na ndani ya punje za grafiti na za madini lithiamu bado haijasambaa. Ile nusu saa ya kupanda ni msongamano unafunguka.

Seli yenye mdondoko mdogo wa papo hapo lakini mteremko mrefu si mbovu. Imepewa kazi isiyoiweza. Kuna seli zilizotengenezwa kubeba umeme mwingi, na hizo hupakwa tabaka nene. Na kuna zilizotengenezwa kutoa umeme kwa nguvu, zenye tabaka jembamba. Kwa ioni unene ni adhabu kubwa. Kuvuka kitenganishi kitupu kwa kutawanyika kunachukua sekunde moja au mbili, lakini njia ikirefuka mara mbili muda unaongezeka mara nne, na ndani ya tabaka nene lenye vinjia vya kupindapinda safari inafika dakika kadhaa. Seli zilizotolewa kwenye kompyuta za mkononi, ambazo mafundi wengi wa hapa huzipanga upya kuwa betri za taa, mara nyingi ni za aina ya kwanza. Zinafaa kabisa, ila zipange nyingi sambamba ili kila moja ivutwe kidogo. Taa nne za wati 10 kwenye betri ya volti 12 zinavuta zaidi ya ampia 3. Mstari mmoja wa seli hizo, zilizofuatana hadi kufikia volti 12, utachoka kabla ya jogoo kuwika. Mistari mitatu itagawana, kila mmoja ampia moja na kidogo, na ule mteremko utapungua sana.

Dalili: imejaa, lakini ukitoa chaja tu volti zinashuka

Kwa seli za fosfeti ya chuma (LiFePO4), aina mojawapo ya seli za lithiamu, huu si ugonjwa. Zinachajiwa hadi volti 3.65, na zikiachwa zinatulia kwenye 3.3 au 3.4. Nne kwa mfuatano zitatoka 14.6 na kutulia karibu na 13.4. Mteja mwelezwe hivyo na arudishiwe betri yake. Kwa seli zinazojaa kwenye 4.2, kushuka kidogo mwanzoni ni kawaida. Kinachotisha ni kuendelea kushuka siku baada ya siku. Pima baada ya siku moja ya mapumziko, pima tena baada ya wiki. Ikipoteza zaidi ya sehemu ya kumi ya volti bila kutumika, kuna njia ya siri ya umeme ndani yake. Isirudi kwenye sanduku la mtu.

Dalili: simu inazima ikiwa bado na asilimia 30

Asilimia inayoonekana kwenye kioo ni hesabu ya programu. Umeme umo, lakini njia ya kuutolea imebana. Kamera ikiwaka au simu ikitafuta mtandao mbali na mnara, mkondo unapanda ghafla, volti zinadondoka chini ya kikomo, simu inajizima. Ukiiwasha bila kuichaji inakubali na bado inaonyesha asilimia 25. Hapo ukinzani wa ndani umepanda.

Unapanda kwa sababu ya utando. Siku ya kwanza kiwandani, elektroliti inapogusa grafiti yenye chaji, sehemu yake huvunjika na kujenga utando mwembamba juu ya grafiti. Emanuel Peled alieleza utando wa namna hii mwaka 1979, na bila huo betri ya grafiti isingewezekana: unapitisha ioni za lithiamu na kuzuia elektroni, hivyo kimiminika kinaacha kuendelea kuvunjika. Ethileni kaboneti inapendwa kwa sababu inajenga utando mzuri. Ila utando haukomi kukua kabisa. Kila mwaka unakula kiyeyushi kidogo na lithiamu kidogo, unanenepa, mlango unakuwa mzito.

Baridi huongeza tatizo, kwa kuwa kimiminika kinakuwa kizito na ioni zinachelewa zaidi. Mtu wa Manyovu au Buhigwe atakuambia simu yake inazima asubuhi za Juni na mchana inafanya kazi, anasema kweli. Tiba ni betri mpya. Hakuna programu wala chaja inayopunguza utando.

Dalili: tangu aanze kutumia chaja kubwa inajaa upesi na kuisha upesi

Wakati wa kuchaji msongamano unageuka. Lithiamu inamiminika kuelekea grafiti, na chumvi inapungua huko huko ndani ya grafiti, hasa kwenye vinjia vya mbali na kitenganishi. Punje za mbele zinapata ioni nyingi kuliko zinavyoweza kumeza. Za nyuma zinakaa na njaa. Grafiti iliyojaa inafanya kazi karibu sana na volti ambayo lithiamu hujitandika kama metali, haina nafasi kubwa ya kukosea. Ukisukuma kwa nguvu zaidi, ioni zinazofika mlangoni na kukuta foleni hujitandika pale pale juu ya grafiti.

Metali hiyo hudhuru mara tatu. Sehemu yake haitarudi kazini tena, hivyo uwezo wa betri unapungua. Inagusana na elektroliti na kuila. Na inaweza kuota miiba ya kukitoboa kitenganishi, ambacho nimeshasema ni sehemu ya hamsini ya milimita tu.

Ukisikia dalili hii, uliza juu ya chaja. Sanduku la seli za ampia-saa 6 lililounganishwa na chaja ya ampia 10 limelazimishwa. Kwa betri za taa mimi nashauri chaja isiyozidi nusu ya uwezo: seli za ampia-saa 6, ampia 3. Mvuvi anashuka asubuhi na hatoki tena mpaka jioni. Ana saa nyingi za kuchaji, haraka haimsaidii kitu. Kwenye vibanda vya kuchaji ambako foleni ni ndefu na kila mtu anataka sanduku lake litoke, najua ushauri huu ni mgumu kuufuata. Hata hivyo, betri inayochajiwa taratibu ndiyo itakayofika msimu ujao.

Betri iliyokwisha kupata madhara haya hairudi kwa kupumzika. Ifanyie ule mtihani wa wiki. Ikifaulu, itumike kwa kazi ndogo kama redio, na ichajiwe pole.

Dalili: imevimba

Hapa hakuna mtihani. Betri iliyovimba imemaliza kazi.

Kilicho ndani ni gesi. Elektroliti imevunjika, ama kwa kuchajiwa kupita kiasi, ama kwa joto, ama kwa uzee. Joto ndilo adui mkuu wetu. Kigoma hatuna baridi ya kugandisha elektroliti, lakini tuna bati. Sanduku jeusi lililofungwa, limeachwa juani mwaloni au chini ya paa la bati saa nane mchana, linapata joto kali mno, na chumvi ile ya heksaflorofosfeti haivumilii joto: inapopita nyuzi 60 hivi kuvunjika kwake kunashika kasi, na mazao yake yanaendelea kuushambulia utando na viyeyushi.

Kuna mtego hapa ambao mafundi wazuri pia hunaswa nao. Kimiminika chenye joto ni chepesi, ioni zinakimbia, ukinzani unashuka. Kwa hiyo betri iliyotoka juani hupima vizuri kuliko ilivyo. Ipime ikiwa imekaa kivulini saa kadhaa, ndipo uamini namba zako.

Uvimbe pia unaeleza kwa nini seli hupoteza uwezo ghafla. Ioni haipiti kwenye gesi. Pale povu lilipokaa kati ya tabaka mbili, eneo hilo limekufa hata kama madini yake ni mazima. Ndiyo maana wapo wanaoiwekea betri ya simu kitu kizito juu, ikalala, ikafanya kazi siku mbili. Tabaka zimegusana tena kwa muda, gesi imehamia pembeni, na hatari imebaki palepale. Usiitoboe kutoa hewa. Dimethili kaboneti hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye joto la kawaida la chumbani.

Itoe nje, iweke kwenye ndoo ya chuma yenye mchanga mkavu, mbali na nyumba. Ukisikia harufu tamutamu ya kemikali, kimiminika kinavuja: fungua madirisha, watoto watoke. Na kwenye mtumbwi, sanduku la betri lisikae jirani na dumu la petroli la injini.

"Fundi, tuiongezee maji?"

Swali hili halina upumbavu. Watu wamezoea betri za risasi na asidi, ambazo maji yakipungua unaongeza maji ya betri yaliyokenekwa. Kule asidi ya salfuriki inashiriki kwenye mmenyuko wenyewe, inapungua betri inapoisha, ndiyo maana kipima asidi kinakuambia hali ya chaji. Tena asidi hiyo ni njia pana sana: hupitisha umeme mara kadhaa ya kumi kuliko elektroliti ya lithiamu, kwa kuwa ioni za haidrojeni zinarithishana kutoka molekuli hadi molekuli bila kusafiri safari nzima.

Kwenye lithiamu kimiminika ni barabara tu. Ioni inayoingia upande mmoja inalipwa na nyingine inayotoka upande wa pili, chumvi kwa jumla haipungui kwa kutumia betri, na hakuna cha kupima kwa kipima asidi. Maji ni sumu yake. Viwanda hufungia seli kwenye vyumba vikavu kwa sababu heksaflorofosfeti ikikutana na maji inatoa floridi ya haidrojeni, asidi inayopenya ngozi na kuumiza hadi mfupa. Kwa hiyo usifungue seli ya lithiamu kwa lengo lolote la matengenezo. Kimiminika kikikugusa, osha kwa maji mengi mara moja na uende hospitali, hata kama hakuna maumivu bado.

Wala kuongeza chumvi zaidi kusingesaidia. Ikizidi sana ile mole moja, kimiminika kinakuwa kizito, ioni chanya na hasi zinashikana mbilimbili, na umeme unapita kwa shida kuliko mwanzo.

Dalili: imelala muda mrefu, haipokei chaji

Bodi ya ulinzi, yaani kibao cha elektroniki kinachokata umeme kuzilinda seli, ikizima kwa sababu volti zimeshuka, chaja inaona sifuri. Pima kila seli moja moja. Seli iliyo juu ya volti 2.5 inaweza kufufuliwa kwa mkondo mdogo sana, huku unaitazama isipate moto, hadi ivuke 3. Iliyokaa chini ya 2 kwa wiki nyingi, iache. Shaba ya upande hasi inapoanza kuyeyuka kwenye elektroliti, inakuwa msafiri asiyealikwa: ukichaji inajitandika tena mahali pasipo pake na kuunganisha pande mbili. Kuishtua kwa kuigusisha na betri nyingine yenye nguvu ndiyo njia ya haraka ya kupata moto mezani.

Dalili: sanduku limeanguka ziwani

Seli nzima zimezibwa, maji hayaingii mara moja. Kinacholiwa kwanza ni ncha chanya na bodi ya ulinzi, kwani maji na umeme pamoja hula metali kwa saa chache tu. Litoe, tenganisha waya, fungua sanduku, suuza matope kwa maji safi, anika kivulini siku kadhaa. Badilisha bodi ya ulinzi hata kama inaonekana nzima. Seli yenye kutu kwenye kizibo chake cha juu isirudi, kwa sababu hapo ndipo maji yanapopata njia ya kuingia. Zilizobaki zipime, zikae wiki moja nje ya nyumba, zipimwe tena. Zilizokataliwa funika ncha zake kwa utepe wa plastiki kabla ya kuziweka pamoja kwenye ndoo.